Deliko na Mlima wa Bugarama

Mji wa Bujumbura umekaa kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, katika uwanda wa Imbo wenye joto, kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake, pasipo wasaa mrefu, yainuka miteremko ya Mumirwa, ambayo barabara ya kwenda Kayanza na Rwanda huipanda kwa kuzunguka na kuzunguka tena hata ifike Bugarama, mahali penye urefu uzidio mita 2,000, ambapo ukungu hushuka mchana kweupe na abiria aliyeondoka mjini akitokwa jasho huanza kutafuta nguo ya kujifunika. Wajerumani, waliojenga ngome yao hapa mwishoni mwa karne ya 19 na kuiita Usumbura, walitaka bandari na mahali pa kuichungulia milki ya Mwami Mwezi Gisabo. Habari za magari hazikuwamo katika azma yao. Walakini kwa kuuweka mji chini ya ukuta wa milima waliwaandalia mafundi wa zama za baadaye mtihani ambao wenzao wa Dar es Salaam na Mombasa hawakuupata, kwa maana gari la pwani laweza kumaliza aushi yake katika hewa ya namna moja, ilhali gari la Bujumbura hubadilishiwa hewa kwa safari ya saa moja tu.

Mtihani wenyewe ulikuwa juu ya wakati wa cheche. Petroli iliyochanganyika na hewa haiwaki yote kwa dafaa moja ndani ya silinda. Huhitaji muda, mdogo mno kwa macho ya binadamu lakini mkubwa kwa pistoni iendayo mbio, na kwa sababu hiyo cheche hutakiwa iruke kabla pistoni haijafika kileleni, ili nguvu ya mwako iipokee pale inapoanza kuteremka. Kabla kwa kiasi gani, hiyo ndiyo kadhia nzima. Cheche ikiwahi kupita haja, mwako huisukuma pistoni ingali inapanda, injini hugonga, na wakati wa kuliwasha gari kwa manivela mkono wa mtu huweza kuvunjika. Ikichelewa, moto humalizikia katika bomba la moshi, maji huchemka, nguvu hupungua, na dereva huilaumu kabureta isiyo na hatia. Chombo kiamuacho wakati huo ndicho deliko. Ndani yake mna mhimili uzungukao kwa nusu ya mwendo wa injini, wenye pembe zinazozifungua platini mbili na kuziacha zifunge. Kila zinapoachana, umeme uliokuwa ukipita katika bobini hukatika ghafula, na kukatika huko huzaa cheche, ambayo rota huichukua na kuifikisha katika kifuniko, na kifuniko huigawia buji ambayo zamu ni yake.

Magari ya kwanza yalimwachia dereva mwenyewe amri hiyo. Ford ya namna ya T, iliyoanza kuuzwa 1908, ilikuwa na fimbo ndogo chini ya usukani, na mwendeshaji aliyejua kazi yake aliichelewesha cheche alipoliwasha gari na kuiwahisha lilipochukua mwendo, akisikiliza. Huko Ujerumani Robert Bosch alikuwa amekwisha kuifunga magineto yake katika gari la magurudumu matatu mnamo 1897, na 1902 mtu wake Gottlob Honold akaikamilisha kwa umeme wa nguvu kubwa. Huko Marekani Charles Kettering na mwenzake Edward Deeds walianzisha mjini Dayton, mwaka 1909, kampuni ya Delco, ambayo ilitoa mtindo wa betri, bobini na platini uliopokewa na Cadillac ya 1910, na ambayo jina lake Wafaransa na Wabelgiji walilitwaa kuwa jina la chombo chochote cha namna hiyo, awe amekitengeneza nani. Baadaye fimbo ya usukani iliondoka. Mahali pake pakawekwa vizito viwili vyenye springi, ambavyo hutanuka kwa kasi ya mzunguko na kuiwahisha cheche, na kando yake kikopo chenye ngozi laini ndani, kinachovutwa na unyonyaji wa hewa ya injini. Dereva akapumzika, na mzigo aliokuwa akiuchukua ukahamia mabegani mwa fundi.

Ili chombo hicho kifike Usumbura ilikuwa lazima kwanza njia ipatikane. Reli ya kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma 1914, baada ya kukata nchi kiasi cha kilomita 1,250. Miaka miwili baadaye Wabelgiji waliingia Usumbura kwa vita, na vita vilipokwisha Waingereza na Wabelgiji wakagawana, Tanganyika huku, Ruanda-Urundi huku. Kwa mkataba wa 15 Machi 1921 Wabelgiji walipewa sehemu zao katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, zilizokuja kuitwa Belbase, na hapo ndipo ilipopita kila bidhaa nzito iliyotoka Antwerp kwenda Usumbura: kutoka meli ya bahari hadi behewa, kutoka behewa hadi meli ya ziwa, kutoka meli ya ziwa hadi forodha. Barabara za bara zilichimbwa kwa majembe ya watu walioshurutishwa, jambo ambalo wazee wa Burundi hawakulisahau na ambalo mtu hana haki ya kulipita kimya anaposifu uzuri wa barabara zile. Kwa hiyo kipande cha platini chenye ukubwa wa ukucha, ambacho fundi wa Brussels angekipata kwa kuvuka njia, kilimfikia fundi wa Usumbura baada ya bahari mbili, reli moja na ziwa moja, na mtu akisubiri shehena hiyo alikuwa na muda mrefu wa kujifunza jinsi ya kuishi bila ya kuisubiri.

Nani alijifunza? Mji wa wakati wa Wabelgiji uligawanywa kwa rangi na asili, kama ilivyokuwa kaida ya wakoloni: Wazungu kwao, Waasia kwao, na Waafrika katika mitaa iliyopimwa kwa kamba, ambayo mashuhuri yake kwa Waswahili ni Buyenzi, mtaa ambao barabara zake zilipewa nambari badala ya majina. Humo walikaa watu wa Ujiji na wajukuu wa wapagazi wa misafara, watu wa Manyema na wa Kongo, Waislamu kwa wingi, wasemao Kiswahili nyumbani na sokoni katika nchi ambayo takriban watu wote wengine husema Kirundi. Wengi wao hawakuwa na shamba la kurithi wala ng'ombe wa kuswaga. Riziki yao ilikuwa biashara, ushoni, uashi, udereva, na kila kazi ambayo mtu huifanya kwa ustadi wa mkono wake. Magereji yenye vitabu na vyombo vya kupimia yalikuwa ya wageni, na Mwafrika aliingia humo kuosha vyuma kwa petroli na kushika taa. Lakini anayeshika taa huona kila kitu. Ndivyo ilivyopata kuwa mtaa wa Buyenzi, bila ya amri ya serikali wala mpango wa mtu, umejaa mafundi wa magari na wauzaji wa spea kuukuu hata hivi leo, na mwenye gari bovu, awe waziri au mchuuzi wa ndizi, huteremka huko.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Fundi huanza kwa kuifungua buji ya silinda ya kwanza na kuweka kidole gumba juu ya tundu, ilhali kijana wake anaizungusha injini polepole kwa mkono. Hewa inapokisukuma kidole, pistoni inapanda kwa ajili ya kuwasha, na hapo huiangalia alama iliyochongwa katika puli ya mbele na kuifikisha mahali pake. Kisha huitazama nafasi ya platini. Kwa Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo, kitabu kinasema milimita 0.4, na chombo cha kuipimia ni bamba jembamba la chuma. Lisipokuwapo, hutosha kipande cha kadi kilichochaguliwa na macho yaliyozoea. Mwisho huchukua karatasi ya sigara, nyembamba kuliko nyingine zote zipatikanazo dukani, akaiingiza katikati ya platini zilizofunga, akalegeza bolti ya shingo ya deliko, na akaizungusha deliko nzima kidogo kidogo kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiivuta karatasi kwa wepesi. Karatasi imekamatwa, imekamatwa, imekamatwa, mara inaachiliwa. Dakika hiyo ndiyo dakika ya cheche, na bolti hukazwa hapo hapo. Taa ya kujaribia yenye waya mbili hutoa jibu lile lile kwa kuwaka platini zinapoachana, lakini taa huungua na karatasi haiungui, na nimewaona watu wenye taa nzuri wakirudia karatasi kwa kuiamini zaidi.

Aliyeridhika na hapo ni mwanafunzi. Deliko iliyowekwa sawasawa ikiwa imesimama huweza kusema uwongo ikizunguka, na maradhi yake mengi ni ya siri. Kisigino cha nyuzi kinachosugua pembe za mhimili huliwa taratibu, nafasi ya platini hupungua, na cheche huzidi kuchelewa wiki hata wiki bila ya mtu kuigusa bolti, hasa kama fundi alisahau kupaka tone la grisi. Vumbi na kutu huvishika vile vizito, vikakataa kutanuka, na gari likawa tulivu mjini lakini zito barabarani. Au springi zake hulegea, vikatanuka mapema mno. Kikopo cha kunyonya hupasuka ngozi, na namna ya kukijua ni kukichomoa kibomba chake, kukitia kinywani na kuvuta pumzi: bamba la platini likisogea na kubaki pale ulimi unapoziba tundu, ngozi ni nzima, likirudi, imetoboka. Maradhi mabaya kuliko hayo ni kulika kwa mahali mhimili unapokalia, kwa kuwa hapo mhimili huyumba, platini za silinda moja hufunguka mapema na za nyingine kwa kuchelewa, na hakuna karatasi wala taa itakayotibu, isipokuwa mtu wa kerezo achonge bushi mpya ya shaba. Fundi mahiri hulitambua hilo kwa kushika rota na kuitikisa ubavuni kwa vidole viwili kabla hajafungua kitu kingine.

Basi na turudi kwa mlima, maana ndiko ulikoonekana uhodari wa watu wa Bujumbura. Kitabu cha Volkswagen kiliandika digrii 7.5 kabla ya kilele kwa injini nyingi za aina ile, na aliyeiandika nambari hiyo alikuwa Ujerumani, akiipimia petroli ya Ujerumani na hewa ya Ujerumani. Juu, hewa ni nyepesi. Silinda haishibi, mwako huenda polepole, na injini hutaka cheche iwahi zaidi. Chini kando ya ziwa, hewa ni nzito na ya joto, na gari lililowahishwa kwa ajili ya Bugarama huanza kugonga katika miinuko ya kwanza tu, dereva anapokanyaga mafuta mpaka mwisho na kile kikopo cha kunyonya hakina tena cha kunyonya. Hakuna nambari moja iliyo sahihi kwa pande mbili hizi. Kwa hivyo fundi wa Buyenzi kabla ya kuuliza gari lina mwaka gani aliuliza linafanya kazi wapi: teksi isiyotoka mjini aliichelewesha kidogo, gari la kupeleka watu Kayanza na kurudi na viazi aliliwahisha, na la mtu asiyejulikana safari zake aliliweka kati na kati na kumwambia arudi. Mapimo ya kitabu hayakudharauliwa. Yalifanywa kuwa mahali pa kuanzia. Kisha gari lilipandishwa mlima, fundi akiwa ndani, sikio likiwa nje ya dirisha, kwa rai ya kuwa injini iliyowekwa vizuri yapasa kugonga kidogo sana pale inapoelemewa na kunyamaza mara mguu unapolegezwa. Wengine wataliita jambo hilo kubahatisha. Mimi naona ni kupima, ila kipimo kilikuwa sikio na maabara ilikuwa barabara.

Barabara ile ilikuwa na mashahidi wake. Vijana wa baiskeli, washushao ndizi na makaa kutoka milimani kwa mwendo wa kutisha, hurudi juu kwa kujishikiza nyuma ya malori, na kwao gari lililochelewa cheche, linalopanda kwa kusuasua, halikuwa kasoro bali neema. Siku hizi malori makubwa ni ya dizeli, yasiyo na buji wala deliko, na vijana hao sasa humtegemea mtengeneza dizeli.

Baada ya uhuru wa 1 Julai 1962, ambapo Usumbura ilichukua jina la Bujumbura, magari yaliyotawala nchi zilizozoea Kifaransa yalikuwa Peugeot, kwanza 404, iliyoanza 1960 na ambayo ilipata ushindi wa mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966, kisha 504 iliyotoka 1968. Gari hizo zilizusha mabishano kati ya mafundi waliofundishwa kwa magari ya Kiingereza ya Tanganyika na wale wa Kibelgiji, kwa sababu Mwingereza huihesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa rejeta, na Peugeot huihesabu kutoka upande wa flaiwili. Nadhani wengi walipandisha sauti bure. Mfuatano wa cheche wa 1-3-4-2 ukihesabiwa kwa kinyume hubaki ule ule, kwani moja huwa nne na tatu huwa mbili, na duara halibadiliki. Mradi kidole gumba kimekwisha kusema kweli juu ya tundu uliloanzia, waya zitaingia mahali pake, uwe umesoma Kiingereza au Kifaransa. Volkswagen ndiyo iliyokuwa na hila ya kweli: katika deliko zake nyingi pembe ya silinda ya tatu imechongwa makusudi ichelewe kwa digrii chache, kwa kuwa silinda hiyo ilikuwa ikipata joto zaidi kwa kuzibwa hewa na kipozea mafuta, na fundi asiyelijua hilo angeweza kupoteza siku nzima akitibu ugonjwa aliouweka tabibu mwenyewe.

Zama za dhiki zilikuja na vita vilivyoanza 1993, na zaidi sana baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa serikali tarehe 25 Julai 1996, ambapo nchi jirani zilikutana Arusha na kufunga mipaka yao ya biashara na Burundi kuanzia 31 Julai, kikwazo kilichodumu mpaka Januari 1999. Njia ile ya Dar es Salaam na Kigoma, iliyokuwa ndiyo koo la nchi tangu mkataba wa 1921, ikakabwa. Petroli ikawa adimu na ghali, ikiuzwa kwa chupa na madumu, na yenye kuuzwa hivyo aghalabu ilikuwa imetiwa mafuta ya taa, ambayo huifanya igonge kwa haraka. Dawa yake ilikuwa kuichelewesha cheche na kuvumilia udhaifu wa gari. Platini zilizotobolewa na umeme, moja ikiwa na shimo na nyingine na kichuguu, zilisawazishwa kwa jiwe la kunolea na kurudishwa kazini. Fundi aliyejua sababu ya kichuguu hicho, kuwa kondensa, kile kidude kinachozilinda platini zisiunguzwe na umeme, imekufa au kipimo chake hakilingani na bobini, aliitafuta nyingine katika gari lolote lililokufa, akijua kwamba za magari mengi hukaribiana, kiasi cha mikrofaradi 0.2. Kifuniko kilichopata ufa, ambamo cheche hutoroka asubuhi zenye unyevu wa ziwa, kilikwanguliwa kile kistari cheusi cha masizi kwa ncha ya kisu, kikazibwa kwa rangi ya kucha ya wanawake. Sitaki kuipamba dhiki hiyo. Watu walikufa katika miaka ile kwa sababu zisizohusiana na magari, na ubunifu wa gereji si fidia ya kitu. Nasema tu kwamba ustadi wa kufufua deliko ulifikia kilele chake wakati ambapo mji wenyewe ulikuwa taabani.

Mipaka ilipofunguliwa yaliingia magari ya Japani yaliyotumika, Toyota kuliko mengine, yakipitia Dar es Salaam, mengi yakiwa na usukani wa kulia katika nchi ipitayo mkono wa kulia. Deliko zake hazikuwa na platini. Sumaku na waya zilichukua kazi hiyo, na kompyuta ikawa inaamua cheche iwahi kwa kiasi gani. Hata hivyo kiwiliwili cha deliko kilikuwa bado chaweza kuzungushwa, na mafundi wa Buyenzi walijifunza upesi kwamba katika injini nyingi za Corolla hapana faida ya kukizungusha kabla ya kuziunganisha, kwa kipande cha waya kilichokunjwa, pini mbili zilizoandikwa TE1 na E1 katika kisanduku kilicho chini ya boneti. Hapo kompyuta huacha kuingilia, na cheche husimama mahali pa msingi, digrii 10, mpaka bolti ikazwe na waya utolewe. Asiyejua waya huo alifukuzana na kompyuta: yeye akiwahisha, kompyuta ikirekebisha, na jioni gari likarudi kwa mwenyewe kama lilivyokuja.

Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa 2002 na ambayo hivi sasa haikosekani barabarani Bujumbura, haina deliko kabisa. Kila buji imevikwa bobini yake, kompyuta hupima hewa iingiayo, ikijua yenyewe kwamba juu ni nyepesi na chini ni nzito, na pembeni mwa injini pamefungwa kidude kinachosikiliza mgongano na kuichelewesha cheche kwa sehemu ya sekunde. Kazi ya sikio imekabidhiwa chombo, na kwa insafu lazima isemwe kuwa chombo hicho husikia vizuri zaidi kuliko fundi yeyote, hakichoki, wala hakidai chai. Deliko kuukuu huuzwa kwa uzito pamoja na vyuma vingine, ila za Land Cruiser za zamani na za Volkswagen chache ambazo wenyewe huzitunza kwa fahari. Lakini kuna mashtaka ambayo huletwa gereji hata leo: gari halina nguvu, linakula petroli, na mashine ya kusomea kompyuta haionyeshi kosa lolote, kwa sababu kompyuta haikukosa, imepewa petroli mbovu, imeisikia ikigonga, na imeichelewesha cheche kama ilivyofundishwa. Vijana hubadili buji, kisha bobini, kisha kidude chenyewe, na bei hupanda. Fundi wa hirimu ya zamani huanza kwa kufungua tangi, kunusa, na kumwuliza dereva amenunua wapi. Na gharama ya matibabu huwa tangi moja la petroli nyingine, iwapo siku hiyo mjini ipo.